Wageni wa Nyuki wa Bibi

Majuzi nilinunua machungwa, nikayaweka nyuma ya mlango, nikayasahau. Siku hizi kusahau ndiyo kazi ninayoiweza vizuri. Mjukuu wangu alipokuja kunisalimia akasimama mlangoni akasema, "Bibi, humu ndani kuna kitu kimekufa." Nikamwambia mimi bado napumua, atafute kwingine. Akavuta kikapu. Machungwa yalikuwa yameshageuka maji, na juu yake vidudu vidogo vyeusi, ukubwa wa punje ya mtama, vinakimbia kujificha na mwanga.

Yeye alikunja pua. Mimi nilivuta kiti nikakaa. Ile harufu tamu iliyoharibika, inayokwaruza koo, mimi siijui kama harufu ya machungwa. Naijua kama harufu ya mzinga wa Bibi yangu, kule mlimani juu ya Nyarero, enzi nina meno yote na akili nusu. Akili haijaongezeka. Meno ndiyo yamepungua.

Nyinyi wenzangu wa rika langu mnaijua nyumba ntobhu, lakini acha nieleze kidogo, huenda kuna mjukuu anawasomea. Bibi alizaa mabinti watupu. Mabinti wakaolewa, ng'ombe wakaingia zizini, na nyumba ikabaki bila mtoto wa kiume wa kuirithi. Kwetu Wakurya, mwanamke kama huyo anachukua ng'ombe wake anaoa msichana kwa jina la nyumba yake. Yule msichana anazaa na mwanamume wanayekubaliana naye, na watoto wanakuwa wa nyumba ile, kwisha. Msichana aliyeolewa na Bibi alikuwa mama yangu, Gati. Kwa hiyo kwa desturi, baba yangu alikuwa mtoto wa kiume ambaye Bibi hakumzaa. Msidhani alikufa. Hakuwahi kuwapo. Wenzangu baba zao walikuwa walevi, wengine wakali, wengine wanakoroma mpaka mbuzi wanaamka. Wangu hakuwa na kosa hata moja.

Mama alikuwa amechoka tangu siku ya kwanza ninayoikumbuka. Mimi nilidhani ndiyo sura yake, kama vile wengine wana pua ndefu. Alikuwa analima wimbi, analima muhogo, anakamua, anateka maji kule bondeni, anarudi na mtungi kichwani na kuni mgongoni, na akikaa chini usingizi unamkuta kabla hajanyoosha miguu. Nilikuwa namtikisa, "Mama, unalala?" Anajibu, "Sijalala, naangalia ndani ya macho." Nikaenda kumwambia kila mtu kwamba mama yangu anaweza kuangalia ndani ya macho. Niliamini ni uganga.

Bibi naye alikuwa na mizinga. Kwetu mwanamke hapandi mti wa mzinga. Lakini nyumba yetu haikuwa na mwanamume, na Bibi hakuwa mtu wa kuomba msaada, kwa hiyo alikuwa anafunga kanga kiunoni, anashika kitita cha majani makavu yanayofuka moshi, anapanda mwenyewe. Shemeji yake, Mzee Chacha, ndugu wa marehemu mumewe, alipita siku moja akamkuta huko juu. Akageuza uso kwa adabu, akaongea na ukuta wa nyumba.

"Shemeji, huko juu ni kwa wanaume."

"Mwanamume wa hapa ni mimi," Bibi akajibu katikati ya moshi. "Kama unamwona mwingine, mwite apande."

Mzinga mmoja wa gogo ulipasuka, Bibi akaushusha akauegemeza karibu na jiko ili aukarabati, na nyuki wachache wakabaki humo humo. Basi mimi nikawa nachungulia kwenye ule ufa. Nilidungwa mpaka jicho likafumba, nikahamia kuchungulia na la pili. Ndani niliona nyuki, hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni vidudu vyeusi. Vilikuwa vimesukumiwa kwenye kona, nyuki wamevijengea kizuizi cha gundi yao, na walinzi wamesimama mlangoni kama askari wa boma. Mdudu mmoja akatoa kichwa, akampapasa nyuki mdomoni kwa zile pembe zake, taratibu, kama mtoto anayebembeleza. Na yule nyuki, askari mzima, akatema asali akampa.

Nikakimbia kwa Bibi. "Bibi, nyuki wana watoto wa kulea."

"Si watoto. Ni wageni."

"Wamekuja lini?"

"Mimi niliwakuta. Mama mkwe wangu aliwakuta. Nyuki hawawapendi, lakini hawawaui, ngozi yao ngumu. Wanawafungia, wanawalisha, maisha yanaendelea."

Mimi neno wageni sikulitaka. Mtoto anayelishwa mdomoni si mgeni. Nikaamua moyoni kwamba wakikua watakuwa nyuki.

Sasa kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa anazunguka mashamba ya kahawa kutazama magonjwa. Alitoka upande wa ziwa, ana baiskeli, soksi ndefu mpaka magotini na chupa za kioo kwenye mfuko. Tulimwita bwana wadudu. Alifika kwetu, kahawa ya Bibi ilikuwa miche michache tu yenye huzuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutazama kahawa au kunywa togwa?"

"Nianze na ipi, mama?"

"Kahawa haina haraka ya kufa. Kaa."

Akanywa, akatazama kahawa kwa adabu, na wakati wa kuondoka akasimama kwenye maboga ya mama. Akafungua ua moja la njano. Ndani mlikuwa na vidudu vidogo vinavyong'aa, vimejipaka ule unga wa ua mpaka masikioni, kama vina masikio. Akafurahi kuliko alivyofurahi kuona kahawa. Akaniuliza kama najua wengine. Kumuuliza mtoto hivyo ni kumpa wazimu. Nilileta wa kwenye ndizi zilizooza, nikaleta wa kwenye mti unaotoka utomvu, nikaleta na wageni wa nyuki, na mdomo umevimba kwa kudungwa.

Akawapanga kwenye sahani ya bati. "Hawa wote ni ukoo mmoja," akasema.

Nikacheka. "Huyu anang'aa, huyu ana madoa, huyu mweusi. Mmoja anakula ua, mmoja anakula uozo. Ukoo gani huo?"

"Wewe na binamu yako mnakula chungu kimoja?" Akanipa kioo chake cha kukuzia. "Tazama pembe zake, kule mwishoni. Unaona nini?"

Niliona kirungu. Kila mmoja alikuwa na pembe nyembamba halafu mwishoni kirungu cha mviringo, kama kile wanachoshika wazee wetu wakienda barazani.

"Haya, tazama koti."

Makoti yao ya mgongoni, yale magamba ya kufunika mbawa, kwa wengi yalikuwa mafupi, hayafiki chini, makalio yako nje. Kama mtu aliyevaa koti la mdogo wake. Nilicheka mpaka nikapuliza mmoja akaanguka kwenye togwa.

Halafu akanieleza habari zao, kwa Kiswahili cha taratibu, na mimi Kiswahili changu kilikuwa cha darasa la pili, kwa hiyo mnisamehe kama kuna kilichopotea njiani. Alisema hapo zamani za kale sana, kabla hajatokea mtu wa kusema zamani, wahenga wa wadudu hawa walikuwa wanakula vilivyochacha na vilivyoota ukungu, utomvu kwenye magome na matunda yaliyoanguka. Ukoo ukakua, chakula kikagombaniwa. Wengine wakapanda kwenye maua, wakaonja ule unga, hawakurudi tena. Wengine wakabaki kwenye uozo. Na mmoja, huyu mweusi, akafuata harufu ya asali mpaka ndani ya nyumba ya watu. Polepole, kizazi kwa kizazi, kila tawi likabadilika kufuata chungu chake, lakini kirungu kikabaki. Akasema ndugu zao wa maua wako mpaka Ulaya kwenye baridi, wanasumbua mashamba ya haradali. Wale wa matunda wanapanda meli ndani ya magunia ya matunda makavu, wanashuka bandari yoyote wanayopenda. Huyu wa nyuki tu ndiye wa kwetu, Afrika, hana kwingine.

Hilo la mwisho limeshapitwa. Mjukuu wangu, ambaye amesoma mpaka macho yamechoka, ananiambia mgeni wa nyuki sasa yuko Marekani na Australia. Mimi hata Mwanza nimefika kwa shida, na nauli nilichangiwa.

Lakini siku ile mimi niliuliza swali moja. "Huyu aliyezaliwa kwa nyuki, akalishwa na nyuki, hawi nyuki?"

"Hawi," akasema. "Wala watoto wake, wala wajukuu. Kirungu hakidanganyi."

Alisema kwa upole, huku anafunga chupa. Akapanda baiskeli akaenda zake. Mimi nikabaki nimesimama pale na sahani, na mkono wangu umekwenda wenyewe kwenye sikio.

Maana mimi nilikuwa na masikio. Watu wote wanayo, najua, lakini yangu yalisimama kama mikono ya chungu. Bibi hakuwa nayo, mama hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni mwanamume mmoja wa Ringwani, jina lake Mwikwabe, aliyekuwa anavuka mto Mara wakati wa kiangazi kuja kununua mafahali upande wetu. Akija alikuwa analala kwetu. Bibi alikuwa anampokea vizuri, mama siku hizo alikuwa anaimba akisaga wimbi. Mimi nilikuwa nampenda kwa sababu ya sukari guru aliyoniletea. Sikuwahi kujiuliza zaidi. Sasa nikajiuliza, na jibu likaja. Mimi si wa hapa. Nimelishwa tu. Siku wakitazama masikio yangu wataniambia nirudi kwenye ukoo wa masikio.

Sikumwambia Bibi. Nilimwambia Robhi, binti wa Mzee Chacha, kwa sababu nilikuwa mjinga. Kesho yake watoto wote njiani kwenda shule wananiita mdudu wa mzinga.

"Mdudu wa mzinga, njoo tukuone makalio," Robhi akasema.

"Yako yako nje tangu kuzaliwa," nikamjibu, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Na kama vile haikutosha, ule mzinga ukaharibika. Nyuki walizidi kupungua, walinzi hawakuonekana, halafu siku moja tukaamka hakuna hata mmoja. Bibi alipoufungua, masega yalikuwa yanatiririka ute, funza weupe wamejaa, asali imechacha inatoa povu, na harufu ndiyo ile, machungwa yaliyooza, sisi ambao machungwa tuliyaona kwa nadra. Robhi alikuja kutazama. Akaziba pua akasema, "Umeona? Wageni wamewafukuza wenye nyumba." Alikuwa ananiangalia mimi.

Mama alisimama kando na jembe begani. Akauliza, "Ni hawa wadudu ndio wamewashinda?"

Bibi akachovya kidole, akanusa, akapangusa kwenye nyasi. "Hapana. Nyumba yenye nguvu inaishi nao miaka. Hawa nyuki walikuwa wamechoka. Aliyechoka haondoki kwa sababu ya mgeni, anaondoka kwa sababu amechoka."

 Mama alishusha jembe, akaegemea mpini akiutazama ule mzinga mtupu. Mimi nilidhani anaomboleza asali.

Mwikwabe alikuja kiangazi hicho, ila hakuja na sukari guru. Alikuja na mjomba wake, wamevaa makoti, na akaomba wazee wakae. Nilimsikia Bibi akimwambia mama jikoni, "Anamtaka mtoto. Na wewe." Mimi nilisikia lile la kwanza, la pili likanipita. Nikatafuta kitambaa, nikajifunga kichwa mpaka kidevuni, masikio yakalala ndani.

"Una nini?" Bibi akauliza.

"Jino."

"Jino lako liko masikioni?"

"Linaanzia huko."

Wazee walikaa mlangoni mwa zizi, kama desturi, maana maneno ya watu na maneno ya ng'ombe kwetu ni mamoja. Mzee Chacha katikati. Mimi nilikaa nyuma ya Bibi, jasho linatiririka ndani ya kitambaa, nasubiri kile kioo cha kukuzia. Niliamini kila mzee anacho mfukoni.

Mwikwabe akasimama. "Wazee wangu, shikamooni. Sikuja kwa ugomvi. Huyu msichana ni damu yangu. Mtazameni tu."

Wote wakanigeukia. Nikashika kitambaa kwa mikono miwili.

"Tumtazame nini?" Mzee Chacha akauliza. "Ameota pembe?"

"Masikio yake, mzee. Ni haya yangu."

"Mura, kijana wangu, masikio hayatoki zizini. Nijibu hili. Ng'ombe waliomleta mama yake hapa walitoka zizi gani?"

Mwikwabe akatazama chini. "La huyu mama."

"Basi mtoto ni wa nyumba hii. Hata angekuwa na mkia."

Wazee wakacheka, hata yule mjomba wa Ringwani akacheka, maana kwao pia desturi haiko mbali na hii yetu. Na mimi jamani. Sijui niwaelezeje. Nilivua kile kitambaa, nikamtafuta Robhi kwenye kundi la watoto, nikamgeuzia sikio moja, nikamgeuzia na la pili. Nilikuwa wa ukoo. Ng'ombe walikuwa ndio kirungu changu, na hakuna aliyeniambia.

Kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia kwa sikio la mtu aliyeshinda kesi. Mwikwabe alisema ng'ombe anao, wako ng'ambo ya kijito na mdogo wake, waje kumfungua Gati, yaani kumrudishia Bibi mahari yake ili Gati aolewe kwake. Mzee Chacha akasema ni haki yake, ila wale wa sasa wanamfungua mama peke yake, mtoto alishazaliwa juu ya wale wa kwanza. Kisha akasema, "Gati ana mdomo. Aulizwe."

Mama alikuwa amepiga magoti pembeni, mikono ina udongo, alitoka shambani moja kwa moja. Hakuwaangalia wazee. Alimwangalia Bibi.

"Mama," akasema, "nimechoka."

"Najua."

"Hukunitendea vibaya."

"Hilo nalo najua."

"Nililetwa hapa sijaota hata matiti sawasawa. Nimelima peke yangu kama watu wa nyumba nzima. Huyu anasema kwake kuna wake wa kaka zake, tutalima kwa zamu."

"Nimesikia."

"Na mtoto?"

Mzee Chacha akajibu badala ya Bibi. "Mtoto tumeshamaliza, binti yangu."

Hapo mama akanitazama. Na alichokiona ni mimi, nimevua kitambaa, masikio yote nje, natabasamu mpaka fizi.  Halafu akasema, "Naona amefurahi kubaki," akainuka akapangusa magoti.

Aliondoka kesho yake asubuhi, umande bado. Alinipaka mafuta usoni, akanifunga kanga vizuri, akaniambia nisiwe nachungulia vitu vinavyodunga. Nikamwambia nitamtembelea. Akasema ndiyo. Mwikwabe alikuwa mbele amebeba mzigo wa mama, jambo ambalo majirani walilicheka mpaka mwaka uliofuata. Nilipunga mkono mpaka wakazama bondeni, nikarudi nikala viazi vilivyobaki. Usiku ule nilimsubiri kama mtu aliyekwenda kuteka maji.

Nilimwona tena, msidhani sikumwona. Alikuwa amenenepa kidogo, akikaa chini anakaa macho wazi, anaongea, anacheka. Nikagundua kwamba ile sura niliyoijua haikuwa sura yake. Lakini hayo ni ya baadaye, nilikuwa msichana mkubwa.

Wakati ule mvua zilinyesha, wimbi likaota, na magugu nayo. Bibi alikuwa mtu mzima, mgongo umeshaanza kumwinamisha. Asubuhi moja nilikuwa nimeshabeba kibao changu cha shule, nakwenda, akaniita nyuma ya nyumba. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, jembe la mama liko mapajani. Hakunitazama usoni. Alinisimamisha kando yake, akaweka mpini sambamba na mwili wangu, akaweka alama kwa ukucha karibu na bega. Kisha akachukua panga akaanza kukata pale kwenye alama, taratibu, anapumzika, anakata tena. Kipande kikaanguka. Akalainisha ncha kwa jiwe isinichome viganja.

"Shika," akasema.

Nikaweka kibao chini, nikashika. Ulinitosha.